Katikati ya Rundo Namba Saba

Kibaigwa, 3 Juni 2024

Shangazi yangu Stara,

Shikamoo. Hapa mimi mzima, ukiacha kikohozi cha vumbi la mahindi. Mama alinipigia jana, anasema goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda linamwachia. Binamu Salha naye anasema harusi yake imesogezwa hadi Oktoba na kwamba wewe ndiye mshonaji wa nguo zote. Naomba yangu usiibane kifuani kama ile ya Idi.

Barua hii anaileta Gideoni, dereva wa lori la njano anayepita hapa kwenda Dodoma mjini karibu kila wiki. Nimemwambia aulizie Majengo nyumba yenye cherehani barazani. Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini wewe na simu hamkupatana tangu zamani. Ile tuliyokununulia uliifungia kwenye kabati la vyombo mpaka ikafa kwa kukosa chaji.

Sasa lililonifanya niandike. Nimepata kazi. Baada ya mwaka na miezi minne ya kupeleka bahasha ofisi hadi ofisi, mpaka cheti changu cha ugavi kikaanza kujikunja pembe, nimeajiriwa karani msaidizi kwenye ghala moja la nafaka hapa Kibaigwa, karibu na soko la mahindi. Siku ya usaili meneja, Bwana Batholomeo, hakuniuliza hata kimoja nilichosoma chuoni. Alinipa gunia tupu akaniambia nilikunje. Nikalikunja kama ulivyokuwa ukikunja nyumbani, mara tatu, mshono ndani. Akasema nianze Jumatatu.

Shangazi, sijui nikueleze vipi. Asubuhi, kabla lango kubwa halijafunguliwa lote, mwanga unapita kwenye vitundu vya bati na kusimama hewani kama nyuzi. Magunia yamepangwa marundo marefu juu ya chaga za mbao, na kati ya rundo na rundo kuna njia ya kupita mtu mmoja. Mimi naona mji. Kuna mtaa wa mahindi na mtaa wa alizeti, na wakazi wote wamelala, kwa hiyo natembea polepole nisiwaamshe. Nawaza kila gunia linakokwenda. Hili litakuwa ugali Tanga, hili litakuwa uji wa mwanafunzi wa Kongwa ambaye hatajua kwamba mimi ndiye niliyeliandika. Siku moja nataka niwe mimi ninayepanga safari zote hizo, malori na maghala na njia. Usinicheke.

Wewe ulikaa ghalani miaka kumi na tisa. Nifundishe. Na nieleze jambo moja ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kunijibu: kwa nini uliacha kazi?

Mwanao,
Shamila


Majengo, Dodoma, 19 Juni 2024

Mwanangu Shamila,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dizeli, nimeisoma barazani, nikairudia. Huyo Gideoni ana adabu. Amekunywa chai vikombe viwili kisha akaulizia kama una mchumba. Nimemwambia aendeshe lori.

Goti la mama yako ni la ukaidi, aliambiwa aache kuchota maji kwa ndoo kubwa. Na ile nguo ya Idi haikubana, wewe ndiye uliyenenepa siku ya pili.

Habari ya kazi imenifurahisha mpaka nikakosea mshono wa nguo ya watu. Sasa nisikilize. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Wakati wa kupakua jifunge kanga puani, usione haya, mapafu hayauzwi dukani. Usile chochote ndani ya ghala, panya wana kumbukumbu kuliko makarani. Na usiandike kitu kwa kusimuliwa.

Kuhusu kuhesabu, magunia ya kwenye rundo hayahesabiwi moja moja, utazeekea hapo. Hesabu tabaka moja la chini, hesabu matabaka kwenda juu, kisha zidisha. Zunguka pande zote nne, na zote zikubaliane. Hivyo ndivyo nilivyohesabu mimi.

Huo mji wako naujua. Mchana nikiwa kwenye cherehani, mguu ukishashika mwendo wake, huwa najikuta nimo ndani yake. Naingia lango la kaskazini, napita nikigusa magunia kwa kiganja, mikono inanuka mkonge. Jua liko palepale juu ya bati, wabebaji wanaimba kwa mbali. Kisha nafika kwenye rundo moja na kurudi nyuma. Pale sipiti hata katika ndoto. Sindano ikinichoma nakumbuka niko Majengo.

Kula vizuri. Mengine tutaongea ukija.

Shangazi yako,
Stara


Kibaigwa, 28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mama ananiambia umeanza kukata vitambaa vya harusi na kwamba hutaki mtu akuguse mkasi. Haya, hatugusi.

Msimu umepamba moto. Malori yanapanga foleni tangu alfajiri, madalali wanagombana kwa Kigogo na Kiswahili mpaka na lugha nisizozijua, na upepo ukivuma vumbi la pumba linafunika barabara yote, basi linalopita unaliona kama linaelea. Wakati mwingine nasimama mlangoni na kalamu sikioni nikiangalia tu, mpaka mtu anishtue.

Mtunza ghala wetu, Mzee Anyitike, ananipenda kama binti yake. Ananiletea chai ya maziwa saa nne, ananionyesha leja za miaka ya nyuma. Juzi nilihesabu marundo yote kwa njia yako na hesabu zangu zikalingana na zake, rundo kwa rundo. Aliniambia nina macho ya ghala. Nilitembea siku nzima nikiwa mrefu.

Na sasa habari yenyewe. Anastaafu, anarudi kwao Mbeya. Bwana Batholomeo ameniita ofisini akasema, kama makabidhiano yatakwenda vizuri, nafasi ni yangu. Mtunza ghala, Shangazi, kwa miaka yangu ishirini na mitano! Kama ulivyokuwa wewe.

Hukunijibu lile swali. Au Gideoni aliangusha ukurasa?

Shamila


Majengo, 10 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hongera. Huku hatujambo. Salha amebadilisha rangi ya harusi kwa mara ya tatu, sasa ni ya zambarau, nami nimemwambia akibadilisha tena ataolewa amevaa shuka. Upepo wa Agosti umeng'oa bati moja la jikoni. Kuku wa jirani wameingia.

Usiwe na haraka ya kutia sahihi. Mtu akikusifu macho, jiulize hataki utazame wapi.

Kazi niliacha kwa sababu ya mgongo.

Shangazi yako,
Stara


Kibaigwa, 21 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kusikia kuku wa jirani wamepata makazi.

Niseme ukweli, barua yako imeniuma. Unasema mgongo. Mwaka ule ulipoacha kazi nilikuwa darasa la nne, nikaugua malaria, na gari lilipokosekana ulinibeba mgongoni kutoka Majengo mpaka hospitali. Ulikuwa unaniimbia njiani. Mgongo mbovu haubebi mtoto mzima wa darasa la nne. Kama hutaki kuniambia sema hutaki, nitanyamaza.

Na Mzee Anyitike humjui. Kwa nini umseme vibaya?

Makabidhiano ni Jumatatu tarehe 2 Septemba. Marundo sita nimeshayakagua. Limebaki namba saba tu, ambalo limefunikwa turubai kwa sababu lina dawa ya dumuzi, wale wadudu wa mahindi, na rundo lenye dawa halifunuliwi mpaka siku zake ziishe. Hata hivyo mzee aliniinulia pindo la turubai pande zote nne nikahesabu kwa njia yako. Magunia mia moja kila tabaka, matabaka kumi na nane. Elfu moja na mia nane, sawa na leja.

Nitatia sahihi. Nikisitasita, Bwana Batholomeo ataleta mtu kutoka Dar, amesema wazi. Maishani sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka kazi hii. Nikifumba macho naona jina langu limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, kwa rangi nyeupe, na nimeshaanza kulizoea.

Shamila


Majengo, 26 Agosti 2024

Mwanangu Shamila,

Leo nisamehe salamu ni fupi. Wote wazima.

Barua yako ilifika juzi. Jana Salha alinipa simu yake nikupigie. Ukaitika haloo, nikasikia na malori nyuma yako, nikakata. Mdomo umekataa. Labda mkono utakubali.

Usitie sahihi kabla hujapanda juu ya rundo na kutembea mpaka katikati. Dawa au si dawa, ngojeni siku zake ziishe, upande. Kuna wizi wa magunia usioonekana kwa kuzunguka. Wanapanga kuta nne vizuri, katikati wanaacha shimo, juu wanalaza mbao kama dari na kuzifunika kwa magunia. Ukihesabu pembeni na kuzidisha, unahesabu hewa.

Nimekufundisha njia ya kuhesabu nikakuficha nusu yake. Nusu hiyo ndiyo iliyonitoa kazini, na nisingeweza kukupa bila kukusimulia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka 2009 nilipokea rundo namna hiyo. Nilikuwa na nguo mpya na jua lilikuwa kali, ngazi ilikuwa na grisi. Nilizunguka, nikazidisha, nikatia sahihi. Baada ya wiki tatu rundo likafunguliwa na magunia mia mbili na arobaini hayakuwepo. Wakaniuliza kama siku ya kupokea nilipanda. Nikasema nilipanda.

Sikupanda, Shamila.

Kwa neno hilo ilionekana magunia yaliibwa baada ya mimi kupokea, na aliyekuwa akilinda wakati huo ni mtu mmoja wa Chamwino anaitwa Geofrey. Alikuwa akinifungulia lango kila asubuhi. Walimweka ndani miezi minane. Mimi hawakunigusa. Nilikaa kazini mwezi mmoja, nikashindwa kupita lile lango, nikasema mgongo unauma. Baba yako hakujua. Hakuna anayejua ila wewe sasa.

Gideoni anapita kesho asubuhi. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Stara


Kibaigwa, 8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, na Salha naambiwa ameng'ang'ania zambarau.

Barua yako imenifikia Alhamisi tarehe tano. Gideoni alipofika mjini kuichukua alipewa mzigo wa Singida badala ya kurudi huku, akakaa huko wiki nzima na barua iko kwenye kisanduku cha gari. Ameniomba radhi, hajui anaomba radhi ya nini. Sahihi nilitia Jumatatu. Jumatatu jioni Mzee Anyitike alinikumbatia, akapanda basi.

Nilisoma nikiwa nimesimama ghalani. Nikaenda namba saba, nikafunua turubai, wala hapakuwa na harufu ya dawa. Nikaweka ngazi. Pembeni magunia yalikuwa imara, mguu hauzami. Hatua ya sita kuelekea katikati yakaanza kucheza. Nikapiga magoti nikavuta moja, chini yake nikakuta chaga zimelazwa, na kati ya mbao na mbao giza. Niliangusha kalamu yangu humo. Ilichukua muda kufika chini.

Nilikaa pale juu sijui muda gani. Kulikuwa na utulivu, Shangazi, mwanga ule wa kwenye bati ulikuwa karibu na uso wangu, na chini wabebaji walikuwa wanapita hawajui niko wapi. Nilijisikia kama nimo katika ile ndoto yako, pale usipopita. Na nikaona njia ya kutokea. Ningesema Jumatatu nilipanda na palikuwa pamejaa. Walinzi wetu wako wawili, mmoja mgeni kabisa, na hawana karatasi yoyote ya kuwatetea. Ilikuwa rahisi mno. Nikakuelewa, na nikakukasirikia, yote kwa mara moja.

Nikashuka nikaenda kwa Bwana Batholomeo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza jambo moja tu.

"Siku ya makabidhiano ulipanda?"

Nikasema, "Sikupanda."

Magunia mia tatu na kumi na mawili. Anyitike hapatikani kwa simu na polisi wana jina lake. Mimi nina barua ya onyo, nimerudishwa ukarani msaidizi, na Jumatano ijayo anakuja mtunza ghala kutoka Morogoro. Meneja aliniambia ningeweza kufukuzwa, na kwamba hajui bado kwa nini hanifukuzi. Walinzi wamebaki kazini kwao. Kwenye kibao cha mlangoni ameandikwa mtu mwingine. Nililia chooni, kisha nikarudi kupokea lori la alizeti, na kabla ya kuandika nilipanda juu. Nitapanda kila moja mpaka nizeeke, na bado nataka kupanga zile safari zote. Itachukua muda zaidi.

Barua yako ungeiandika Juni. Nimekaa siku tatu nikitafuta namna ya kukuambia hilo kwa adabu, sikuipata.

Halafu kuna jambo linanizunguka kichwani kila nikiwaona walinzi wetu wakinywa chai langoni. Huyo Geofrey yuko hai?

Shamila


Majengo, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Shamila,

Marahaba. Nguo zimeisha zote, yako nimeiachia nafasi kifuani. Goti la mama yako lilimlaza siku mbili, sasa anatembea.

Adabu uliyoikosa sikuistahili. Ulivyosema ni sawa.

Yuko hai. Juzi nilipanda gari la asubuhi kwenda Chamwino. Njia nzima nilikuwa kama nimesinzia macho wazi, nje ni nyasi kavu na mawe na ng'ombe wanaotembea bila mtu, nikawa naomba safari isifike. Nikauliza watu wawili, wakanionyesha. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba anabangua karanga. Nikamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akaitambua sauti.

Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikakaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimekariri maneno mengi, yakapotea yote, nikabaki na lile moja. Nikasema siku ile sikupanda, nilidanganya, na wewe ukafungwa kwa ajili ya uongo wangu. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, Shamila. Aliendelea kubangua. Maganda yalikuwa yanapeperuka na upepo kuelekea kwangu na sikuyakung'uta.

Nikamwambia nitakwenda kusema popote anapotaka, polisi, kanisani kwao, kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema hao wote walishasahau. Akaniambia alipokuwa ndani binti yake Debora aliacha shule kidato cha pili, akaenda kulima vibarua. Watoto wenzake walikuwa wanamwita binti wa mwizi. Na yeye Geofrey alipotoka, kila alipomwambia mtoto kwamba hakuiba, aliona mtoto anaitikia kwa heshima tu, haamini.

Akaita kwa sauti kuelekea shambani. Akaja mama mtu mzima, jembe begani, mtoto mgongoni. Geofrey akaweka bakuli chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Rudia," akasema. "Debora asikie."

Nikasimama. Mara ya kwanza nilikuwa nimesema nikitazama chini. Debora alinitazama machoni, nami nikamtazama, nikarudia neno kwa neno. Alimgeukia baba yake, akamwita baba, akaketi chini pale pale kwenye maganda na kuweka kichwa chake kwenye goti la mzee.

Shangazi yako,
Stara